Bia ya Pilipili ya Bwana Tosha

Habari ile Jean-Baptiste aliileta saa ya joto kali, mashati ya watu yameshikamana na migongo, na kabla hajakaa kwenye benchi alikuwa amekwisha kuimwaga nusu nzima.

"Muzungu wetu amepika pombe," alisema. "Bwana Tosha. Amepika yeye mwenyewe, amejifunga taulo kiunoni kama mutu wa jikoni, anakoroga tangu juma lile, na mapipa yamekwisha kujaa."

Jean-Baptiste alikuwa karani wa mizani ya pamba, na watu walimwita Gazeti kwa sababu alitangaza mambo kabla hayajatokea. Mengine yalimtii yakatokea, mengine yakakataa. Hapo nyuma ya soko la Kabambare, kwenye benchi la Léontine, muuza pombe, habari ya Gazeti ilishikwa kwanza kama muhogo wa mtu usiyemjua: ilivunjwa, ikanuswa, ndipo ikaliwa.

"Pombe ya nini?" aliuliza Hippolyte, fundi wa kushona. Huyu walimwita Sindano, na si kwa wembamba wake tu.

"Ya nafaka ya kwao. Inaitwa segle. Iko ndugu ya ngano, lakini yule ndugu maskini, mwenye kuota hata pahali pa mawe na baridi. Imekuja mu mifuko toka Ubelgiji, kabla ya mvua. Na ndani ya pombe ametia pilipili."

"Pilipili," alisema Bulaimu polepole.

"Pilipili. Ile ndogo nyekundu, ya kuliza watu. Wamama wa Lusangi walimuletea kikapu kizima. Walifikiri anaanzisha vita."

Bulaimu aliuza chumvi na sabuni, na alikuwa Mwislamu aliyeishika dini yake barabara. Pombe hakuwahi kuigusa wala hakuitamani. Pale kwa Léontine alifuata karanga za kukaanga na mazungumzo. Lakini Mungu alimjalia pua. Aliweza kukaa kwenye ncha ya benchi akakuambia ni kwa nani wamechoma samaki, na kwamba samaki mwenyewe ni wa jana. Wakamwita Pua, naye hakukasirika.

"Sasa juu ya nini mutu atie pilipili mu pombe?" aliuliza Hippolyte. "Pombe iko ya kusahau. Pilipili iko ya kukumbusha. Ukichanganya, mutu atafanya nini?"

"Shida," alisema Jean-Baptiste. "Barabara ya Kasongo imekatika tangu mvua. Bia ya chupa haifiki. Na yale majani ya kwao ya kutia bia uchungu, nayo yamelala njiani. Muzungu amekaa bila bia tangu mwezi uliopita."

"Maskini," alisema Bulaimu. "Ndiyo sababu juzi alinisalimia."

Wakacheka wote isipokuwa Léontine. Alikuwa akichota pombe ya ndizi kwa kibuyu, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mtungi.

Mume wake aliangukiwa na mti kwenye kazi ya ile ile barabara ya Kasongo, akafa. Serikali ilimpa mjane blanketi. Tangu siku hizo mitungi ndiyo iliyomvika, ndiyo iliyowasomesha watoto, ndiyo iliyoezeka nyumba. Watu walimwita Mama Povu, na alilipenda jina hilo, kwa sababu povu la pombe yake lilikaa juu ya kikombe muda mrefu kuliko la mwanamke mwingine yeyote kuanzia Wamaza hadi sokoni. Sasa alikuwa akifikiri juu ya mzungu mwenye taulo kiunoni. Mzungu akipika supu, hiyo ni supu yake. Akipika pombe, kesho atataka kuiuza. Na akitaka kuiuza, kesho kutwa mtu wa afya atapita na kofia yake kusema kwamba mitungi ya wanawake ina vijidudu.

"Atauza?" aliuliza.

"Hilo sijue, Mama," alisema Jean-Baptiste. Kwake kusema "sijue" lilikuwa jambo la nadra, na lilimwogopesha Léontine zaidi.

Ndipo Antoine alipotokea kwenye kona ya soko.

Antoine alikuwa mpishi wa Bwana Tosha mwenyewe. Walimwita Sahani, kwa kuwa hakuna kilichobaki kwenye sahani ya bwana wake ambacho hakikupitia kwake. Siku hiyo alitembea kama mtu anayeumwa na kitovu, ameinama, mikono miwili ameikunja tumboni. Alipoketi, tumbo likagonga ubao likatoa mlio wa kioo.

"Shemeji," alisema Hippolyte, "unazaa lini?"

Antoine alitazama kushoto na kulia, akafungua koti, akatoa chupa. "Chupa moja ilipasuka yenyewe leo asubuhi, kwa hasira ya mule ndani," alisema. "Nikamuambia Bwana zimepasuka mbili."

"Iko zambi hiyo," alisema Hippolyte. "Fungua."

Kizibo kilitoka kwa mshindo, kuku wa Léontine wakakimbilia nyuma ya nyumba. Povu lilipanda, likamwagika kwenye vidole vya Antoine, naye akavilamba kwanza, kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine, wenzake wakimngojea. Kisha akaimimina kwenye kikombe cha bati cha Léontine. Rangi yake ilikuwa kama mto Luama baada ya mvua.

Hippolyte alikunywa wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekwisha kushika kikombe. Akafumba macho.

"Sema basi," alisema Jean-Baptiste.

"Ngoja. Sasa iko mukate. Mukate mweusi, umeungua kidogo chini. Unashuka muzuri." Alifungua jicho moja. "Antoine, pilipili iko wapi? Wamama wa Lusangi walimuibia muzungu. Mimi sioni pilipili hata..."

Maneno yakamkatikia. Masikio yake yalisogea nyuma. Machozi mawili yalitoka pamoja, moja kila upande, kama yameitwa.

"Imefika," alisema kwa sauti ndogo. "Ndugu zangu, hii inaingia kama katekista, imevua kofia, inabisha hodi. Halafu ukishafunga mulango, kumbe ni askari wa kodi."

Jean-Baptiste alipokea kikombe kwa vidole viwili. "Mimi nimekwisha kunywa bia za Wazungu huko Kindu," alisema.

"Uliosha chupa zao," alisema Hippolyte, akijipangusa macho.

"Mutu akiosha chupa, na mu chupa kumebaki kitu, basi amekunywa." Alikunywa, akatikisa kichwa kama hakimu. "Iko fine. Nasikia uchachu wa limau kwa mbali. Nasikia nafaka, tena nafaka yenye akili. Bia hii iko na karaktere."

"Karaktere ni nini?"

"Ni ile kitu mutu mubaya anakuwa nayo. Kwa bia inakuwa sifa." Alitaka kuongeza, ila pilipili ilikuwa imemfikia, akashikwa na kwikwi, na kwa muda Gazeti halikutoka.

"Nipe ninuse," alisema Bulaimu.

Walimpa. Alikishika kikombe mbali na midomo, akapitisha pua juu yake mara moja, akarudi, akakaa hapo. "Udongo," alisema. "Shamba limechomwa, na mvua imekuja juu ya majivu. Halafu asali, lakini nyuki wake bado anakasirika. Halafu..." Akapiga chafya iliyoinua vumbi kutoka kwenye mkeka.

"Hiyo itaandikwa mbinguni?" aliuliza Hippolyte.

"Chafya haina neno," alisema Bulaimu, akarudisha kikombe. "Naona iko kazi ya mutu mwenye kupenda kazi."

Kilichobaki kilikuwa cha Léontine. Alitaka kiwe kibaya. Alimwomba Mungu kimoyomoyo kiwe kama maji ya kuoshea nguo, acheke, arudi kwenye mitungi yake. Akanywa. Ule mkate mweusi ulimjia, na nyuma yake moto mdogo, si moto wa kuunguza. Ulikuwa kama moto wa jiko asubuhi, wakati mtu anaposogeza mikono. Ulikaa kooni, ukamfanya atake tena. Alijua maana ya kutaka tena. Hicho ndicho alichokitafuta kila mara alipoinamia mtungi, na mara nyingine alikipata, mara nyingine hapana. Mzungu huyu, na taulo lake, alikipata kwa mara ya kwanza.

"Iko muzuri," alisema Hippolyte, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba.

"Iko muzuri sana," alisema Jean-Baptiste kati ya kwikwi mbili.

"Basi sikilizeni," alisema Antoine, akasogea. "Siku ya Mungu, baada ya misa, Bwana atawaita ku baraza lake. Mutaonja, mutasema mafikiri yenu. Alinituma niwatafute watu wenye kujua pombe, nikawataja ninyi. Mama Léontine naye, juu ni mupishi wa pombe. Pua naye, juu anataka mutu mumoja asiyelewa."

"Aksanti kwa heshima," alisema Bulaimu.

"Mukisema iko muzuri, ataitia mu duka kwa bei ya chupa. Tena nilimusikia akimuambia mutu wa afya: bia safi ikiwa mu duka, mitungi ya sokoni itoke."

Léontine alikaa chini. Kibuyu kilikuwa bado mkononi mwake.

"Na tukisema iko mubaya?" aliuliza Hippolyte.

Antoine alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Muzungu hawezi kumupa muzungu mwenzake kitu mutu mweusi amekikataa. Ataona haya. Alisema mwenyewe: wakiikataa, mapipa yote iende matabishi ya watu wa pamba. Bure. Na sisi wote hapa, kwa njia moja ao ingine, tuko watu wa pamba."

Hawakuhitaji kupiga kura. Hippolyte aliapa, Jean-Baptiste aliapa, Antoine aliapa mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya chupa ya pili iliyopasuka. Bulaimu alisema yeye hataapa uongo, lakini kwa kuwa hanywi, hakuna atakayemwuliza ladha. Wote wakamgeukia Léontine.

"Matabishi yataisha," alisema Hippolyte kwa upole, "halafu tutarudi kwako, Mama. Mitungi itabaki pahali pake."

"Nitasema iko mubaya," alisema Léontine.

Na alikusudia hivyo.

Siku ya Mungu Bwana Tosha alikuwa amevaa shati safi. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kila jambo, zuri na baya, alilimaliza kwa neno moja: mzigo umepimwa, tosha, mtu amefukuzwa kazi, tosha, mke wake amerudi kwao Ubelgiji, tosha. Alikuwa na ghala la pamba na duka kwenye njia ya Wamaza, na Kiswahili ambacho hakikuwa na wakati uliopita wala ujao. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa. Vikombe vya kioo vilipangwa, na Antoine alisimama nyuma yake na chupa, ametengeneza uso wa mtu asiyemjua yeyote.

"Ninyi kunywa," alisema Bwana Tosha. "Ninyi sema kweli. Mimi hapana kasirika. Kweli tu, tosha."

Léontine alimtazama. Mzungu alikuwa akisugua dole gumba juu ya ukingo wa meza, akisugua tena. Alimjua mtu huyo. Alikuwa yeye mwenyewe, Léontine, kila asubuhi ya kufungua mtungi mpya, anapompa mtu wa kwanza kikombe na kujifanya anatazama pengine.

Jean-Baptiste alianza. Alikunywa, akakunja uso, akaweka kioo chini kama kina jeraha. "Bwana, mimi iko mutu wa kuheshimu kazi. Lakini hii, pardon, iko mubaya. Nasikia ngozi ya mbuzi. Nasikia gunia la pamba lililolala mu maji."

"Gunia," alisema Bwana Tosha.

"Gunia mbili."

Kikombe cha pili kilikuwa cha Hippolyte, naye hakupenda kuachwa nyuma na karani. Alimeza, akashika koo, akaegemea nguzo ya baraza. Antoine aliangalia juu, kwenye paa.

"Bwana," alisema Hippolyte, "mimi nilikuwa na ulimi. Baba na mama walinizaa nao. Sasa umekufa. Ona." Akautoa nje wote, akauacha hapo Bwana auone, kisha akaurudisha. "Nikitiwa chumvi, sijue. Nikitiwa sukari, sijue. Hii bia imeua ulimi. Watoto wangu watasema, baba, mboga iko namna gani, na mimi nitasema nini?"

Bwana Tosha alikuwa amekwisha kuketi. Shati lile safi lilianza kuloa kwapani. Hata Antoine, nyuma yake, aliacha kuangalia paa.

Ingekuwa imetosha hapo. Kila mtu, baadaye, alikubali kwamba ingekuwa imetosha. Lakini Hippolyte alipoona uongo wake unakwenda vizuri, alifanya kama mtu mwenye kitambaa kilichobaki: alitafuta mahali pa kukishonea.

"Bwana, hata pombe ya huyu mama iko afadhali," alisema, akimwonyesha Léontine kwa kidevu. "Na ile yake, sisi tunakunywa tukifunga pua."

Jean-Baptiste alicheka, ili Bwana aone kwamba jambo hilo linajulikana. "Tunakunywa kwa huruma," alisema. "Juu iko mujane. Mutu atafanya nini?"

Antoine naye akacheka kidogo, kwa kuwasaidia.

Léontine alijua ni maneno ya mchezo. Alijua waliapa, alijua ni kwa ajili ya mapipa na kwa ajili ya mitungi yake mwenyewe pia. Hata hivyo neno "huruma" lilikuwa limetoka kinywani mwa Jean-Baptiste bila kutafutwa, kama kitu kilichokuwa kinakaa karibu na mlango. Na miaka hiyo yote aliwaona wakinyonya povu kwenye vidole vyao.

"Wewe, mama," alisema Bwana Tosha. Hakumtazama. "Wewe kunywa. Halafu tosha."

Alikunywa. Hakuharakisha. Aliuacha mkate mweusi ukae kinywani, akaungoja ule moto, ukaja mahali pale pale. Akanywa tena, kwa sababu alitaka, na kuanzia hapo hakukuwa na kurudi nyuma.

"Bwana," alisema, "hawa wanakudanganya."

Kwikwi ilimrudia Jean-Baptiste bila kunywa tena.

"Bia yako iko muzuri. Iko muzuri kupita ile ya chupa inayokuja na lori. Inaanza kama mukate, halafu inaleta moto, na moto wenyewe haugombani na mukate. Vinakaa nyumba moja. Mimi napika pombe tangu niko musichana, na mara nyingi nikitia kitu kikali, kikali kinakula pombe yote, nabaki na moto tu. Wewe umejua pahali pa kusimama. Sijue ni nani alikufundisha." Alipumua. "Mimi ningenunua. Iko hivyo."

Bwana Tosha aliinua kichwa, na Léontine aliona macho yake yamelowa, na hakuna pilipili aliyokuwa amekunywa.

"Wewe," Bwana alimwambia Bulaimu. "Wewe hapana kunywa. Wewe hapana lewa. Mama sema kweli?"

Bulaimu aliwatazama rafiki zake mmoja mmoja. Alionekana kuwahurumia sana. "Mimi pua tu, Bwana," alisema. "Lakini pua inasema mama anasema kweli."

Basi Bwana Tosha alisimama. Alitembea mpaka mwisho wa baraza, akarudi. Alikuwa amekuwa mrefu. Léontine alingoja. Sasa atasema duka, alifikiri. Sasa atasema mtu wa afya, na mitungi yangu nimeivunja mwenyewe kwa ulimi wangu, mbele ya watu. Hata hivyo hakujuta, na kutojuta kwake kulimshangaza.

"Kama muzuri hivi," alisema Bwana Tosha, "hii hapana bia ya watu weusi. Mimi mujinga. Hii bia ya klabu ya Wazungu, Kasongo. Kindu. Mapipa yote. Duka hapana." Akamfikia Léontine, akachukua kioo kutoka mkononi mwake kwa adabu kubwa, kikiwa bado na nusu yake, akakinusa, akafunga macho, akakinywa chote. "Tosha."

Antoine aliweka chupa mezani kama mtu anayeweka chini jeneza.

"Na ninyi wagonjwa," Bwana aliendelea, akiwageukia Hippolyte na Jean-Baptiste. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na wema, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulimi kufa, mubaya sana. Kusikia gunia, mubaya sana. Hii homa. Antoine, kinini."

Kinini, ile dawa chungu ya malaria, ililetwa, si vidonge. Ilikuwa ile ya unga, ya kukoroga na maji. Bwana Tosha alisimama mbele yao mpaka wote wawili wakamaliza. Hippolyte, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umekufa, ilimpasa anywe bila kukunja uso. Alijitahidi. Shingo yake ilifanya mambo ambayo shingo ya mtu haikuumbwa kufanya.

Njiani kurudi sokoni walimshambulia Léontine kwa maneno.

"Mapipa yote, Mama," alisema Jean-Baptiste. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa unga wa kinini. "Bure. Ungesema neno moja tu. Mubaya. Iko fupi."

"Mitungi yako pia ilikuwa mu hatari," alisema Hippolyte. "Sisi tulikuwa tunakulinda wewe."

"Kwa huruma," alisema Léontine.

Bulaimu, aliyekuwa akitembea nyuma, alisema kwamba kuna harufu ya mvua.

Mapipa yaliondoka kwa wapagazi mpaka pale barabara ilipokatika, na ng'ambo ya pili lori likayapokea. Antoine alisema Bwana alisindikiza kwa miguu mwendo mrefu, akiwapigia wapagazi kelele wasitikise. Mtu wa afya alipita sokoni wiki ile, akatazama mizani ya nyama, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia tena habari ya mitungi, kwa kuwa duka halikuwa na cha kuuza badala yake. Hivyo ndivyo Léontine alivyopona, na hakujua amshukuru nani. Lakini mara kwa mara, akiinama juu ya mtungi, ule mkate mweusi ulimrudia kinywani, na alikasirika kidogo kwamba hakuachiwa amalize kioo chake.

Benchi lilikaa tupu siku chache. Bulaimu peke yake ndiye aliyekuja, akala karanga, akasifu hewa. Kisha alasiri moja Hippolyte na Jean-Baptiste wakatokea pamoja, wamevaa vizuri kupita kawaida, na Antoine nyuma yao. Waliketi. Walisema juu ya pamba, juu ya homa ya mbuzi, juu ya daraja ambalo Jean-Baptiste alikuwa na hakika litamalizika kesho. Léontine aliendelea kukaanga.

"Mama Povu," alisema Jean-Baptiste mwishoni, "ile neno ya huruma nilisema. Ilikuwa ya uongo. Nilikuwa namudanganya muzungu."

"Najua."

"Unajua?"

"Kama ilikuwa ya kweli, ungekuwa umekwisha kuokota meno." Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Na wewe, Sindano. Unafunga pua mpaka leo?"

"Mama, mimi na pombe yako," alisema Hippolyte, na mkono akaweka kifuani, "tuko kama mutu na shati lake."

"Aya. Nitakupimia."

Aliingia ndani, wakamsikia akichota. Hippolyte aliwakonyeza wenzake. Léontine alirudi na kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Hippolyte alikunywa mkupuo mmoja mrefu, akasimama.

Aliangalia ndani ya kikombe.

"Mama," alisema, "haya iko maji."

"Umejuaje?" aliuliza Léontine.

Benchi lote liligeuka. Antoine aliacha kutafuna. Bulaimu alikunja mikono yake juu ya tumbo kwa raha, kama mtu aliyepata nafasi nzuri kwenye ngoma.

"Ulimi wako umekufa," alisema Léontine. "Ulimuonyesha Bwana, ulituonyesha sisi wote. Chumvi hujue, sukari hujue. Sasa mimi nakuuliza kwa wema tu, juu ya afya yako. Umejuaje?"

Hippolyte alitazama kikombe, akamtazama Léontine, akamtazama Bulaimu, ambaye alimtikisia kichwa kumtia moyo. Kisha akakiinua, akanywa yote polepole mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo kwa nyuma ya mkono.

"Iko tamu, Mama," alisema. "Tena leo imeiva muzuri."

Jean-Baptiste hakungoja kuulizwa. Alinyoosha kikombe chake.

"Na mimi," alisema, "nipe ile ile."